Mdogo wangu anaanza UDOM, wiki ya orientesheni imekaribia: nini kifanyike kabla hajapanda basi?

Dada wa Itigi

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kiume amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, shahada ya ualimu wa sayansi. Kuthibitisha kwa ile namba ya siri ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) alishamaliza. Sasa tumepakua fomu ya kujiunga, kurasa ni nyingi na kila ukurasa una agizo lake, na nyumbani hakuna aliyewahi kupita chuo kikuu wa kutuambia kipi cha lazima na kipi ni maandishi tu.

Ninachotaka kujua hasa ni mpangilio. Kipi kifanyike huku Itigi, kipi kisubiri Dodoma, na afike siku gani. La pili, majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu na jina la kati ni "Johana". Cheti cha kuzaliwa kinasema "Yohana". Kwenye kitambulisho cha taifa, NIDA wameandika "Yohana" pia. Kuna mtu katutisha kwamba atarudishwa getini. Amepangiwa mkopo, ila hela mkononi ni ya kubana sana, kwa hiyo kila safari ya bure inatuumiza. Asanteni.

Mzee wa Masijala

Dada, hakuna anayerudishwa getini kwa sababu ya Johana na Yohana. Anachopoteza ni siku mbili tatu za kupanda na kushuka ofisi, wakati wenzake wameshachukua funguo za hosteli. Kwa hiyo limalizeni huko huko.

Chuo kitamsajili kwa majina ya cheti cha kidato cha nne. Shika hilo kwanza. Namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ile inayoanza na S, ikifuatiwa na namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka, ndiyo inayomfuata Bodi ya Mikopo, TCU na chuoni. Cheti cha NECTA (Baraza la Mitihani) ndicho kigumu kuliko vyote kukibadili, basi vingine vyote vinavutwa vikifuate hicho.

Tofauti ya herufi moja, au mpangilio wa majina kupinduka, au jina la babu kuachwa, hayo yanafungwa kwa kiapo. Mwone wakili, au hakimu wa mahakama iliyo karibu, aandike kwamba Johana na Yohana ni mtu mmoja, akitaja nyaraka zote tatu kwa namba zake. Hapo kwenye namba ndipo watu hukosea. Kiapo kinachosema tu "majina yote ni yangu" bila kutaja namba ya cheti na ya NIDA hurudishwa, maana karani hana cha kulinganisha. Toeni asilia moja na nakala nne.

Jina likiwa limebadilika kabisa, mathalani ukoo mwingine, kiapo hakitoshi. Hiyo ni hati ya kubadili jina, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati wizara ya ardhi, na haiishi kwa siku moja. Ninyi hamjafika huko.

Sasa mpangilio. Kabla ya safari yatimie haya: kiapo, fomu ya afya, malipo ya lazima, na nyaraka zilizoskaniwa. Yote yaliyobaki yanafanyika Dodoma.

Fomu ya afya ijazwe hospitali ya serikali, na daktari, si zahanati ya mtaani. Inarudi kwa sababu tatu zilezile kila mwaka: mhuri haupo, jina na namba ya usajili ya daktari havijaandikwa, au sehemu ya vipimo imejazwa "kawaida" juu mpaka chini bila majibu ya maabara. Mwambie asiondoke dirishani kabla hajaangalia mhuri. Kutoka Itigi kufuata mhuri mmoja ni nauli mbili.

Malipo. Kila malipo yana kontroli namba yake, yaani namba ya kulipia, tarakimu 12 zinazoanza na 99, na anaizalisha mwenyewe kwenye akaunti yake ya mfumo wa wanafunzi. Ada ina yake, malazi yana yake, michango midogo ina yake. Asitumie ya mwenzake hata kama kiasi kinalingana, hela itaingia kwa mwenzake. Na kuna kontroli namba zinazokubali kulipa kidogo kidogo, na zipo zinazotaka kiasi kamili tu. Hizo ukipunguza hata shilingi mia muamala unakataa. Wengi hudhani mtandao ndio mbovu, wanahangaika na simu usiku kucha.

Kwenye ile michango midogo utakuta ya TCU ya uangalizi wa ubora, Sh 20,000 kwa mwaka, na bima ya afya kwa asiye na kadi hai. Mwanafunzi aliye bado kwenye bima ya mzazi asilipe mara mbili. Aende na kadi yake na nakala ya kadi, aulize dirisha la bima kwanza.

Pesa yoyote inayoombwa itumwe kwenye namba ya simu ya mtu, hata akijiita afisa udahili, ni ya tapeli. Ukiingiza kontroli namba kwenye simu, kabla ya namba ya siri jina la taasisi huwa linatokea. Lisomwe, ndipo abonyeze.

Mzee wa Masijala

Nilisahau kuskani. Simu inatosha, ila si picha ya kawaida iliyopigwa mezani ikiwa na kivuli cha mkono. Apakue programu ya kuskani inayotoa PDF, apige mchana karibu na dirisha, cheti kimoja faili moja, akipe jina linaloeleweka: cheti_kidato4, cheti_kuzaliwa, kiapo. Mifumo mingi inakataa faili kubwa, basi achague ubora wa kati. Anayepakia faili la "IMG" na tarakimu kumi baadaye hajui lipi ni lipi, na hapo ndipo cheti cha kuzaliwa kinapoingia mahali pa cheti cha kidato cha sita.

Nyaraka asilia asizitie kwenye begi la nguo linaloingia buti la basi. Zikae kwenye bahasha ngumu, mapajani.

Waziri Mstaafu wa Mikopo

Mzee kamaliza upande wa masijala, niongeze upande wa bumu, yaani hela ya mkopo, kwa sababu dada kasema hela ni ya kubana.

Mkopo kupangiwa na mkopo kulipwa ni vitu viwili. Bodi inapeleka hela ya mwanafunzi aliyesajiliwa, na chuo ndicho kinachosema nani kasajiliwa. Anayechelewa kusajili anaangukia orodha ya pili, na orodha ya pili haina haraka. Kwa hiyo kijana akishafika, usajili kwanza, kuzungukazunguka baadaye.

Aingie kwenye SIPA, akaunti yake ya mtandaoni ya Bodi ya Mikopo, leo, asisubiri Dodoma, aangalie mambo mawili. Kwanza, mkopo umepangwa kwa chuo kipi na kozi ipi. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja anaweza kukuta jina lake limekaa chuo ambacho hakukithibitisha, na hapo anahitaji kumwona afisa mikopo wa chuo alichopo siku ya kwanza, si wiki ya tatu. Pili, asome kila kipengele peke yake: ada kiasi gani, chakula na malazi kiasi gani, vitabu kiasi gani. Familia nyingi zinaona jumla kubwa zinafurahi, kumbe ada imelipiwa sehemu tu na iliyobaki ni ya mzazi.

Posho ya chakula na malazi kwa aliyepangiwa kiasi kamili ni Sh 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kabla yake ilikuwa 8,500. Inatoka kwa awamu, si kila mwezi. Ya kwanza ndiyo inayochelewa kuliko zote, kwa kuwa inasubiri usajili, halafu kusaini, halafu benki. Aende na hela ya kula ya wiki nne. Akijibana, Sh 5,000 hadi 6,000 kwa siku inatosha kwa chai, wali maharage mchana na ugali usiku, basi hapo piga kama laki moja na nusu, mbali na nauli. Asiishike yote taslimu.

Halafu benki na simu, maana hapa ndipo bumu linapokwama bila kelele. Akaunti iwe ya jina lake na iwe inafanya kazi. Akaunti aliyofungua wakati wa kuomba mkopo na hajaigusa tangu hapo inaweza kuwa imelala. Aweke hata Sh 5,000 wiki hii na kuitoa, aone kama inapumua. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa NIDA yake mwenyewe, si ya kaka wala shangazi. Ujumbe wa kuthibitisha unaenda kwenye namba aliyoiandikisha kule Bodi, na laini ya shangazi ikifungwa, shangazi ndiye anayetakiwa kwenda dukani na kidole chake, naye yuko Itigi.

Kinyozi wa Ng'ong'ona

Kuhusu siku ya kufika: Jumamosi asubuhi. Siku ya Jumatatu kila mtu anafika, bajaji zinapanda bei na foleni ya vyumba inazunguka jengo.

Mzee wa Masijala

Jumamosi ni sawa kama fomu ya kujiunga inasema hosteli zinafunguliwa Jumamosi. Asome tarehe. Akija kabla ya tarehe hiyo hana pa kulala, na nyumba ya wageni ya siku mbili inakula hela ya chakula cha wiki. Kama mapokezi yanaanza Jumapili, apande basi la alfajiri Jumapili. Kutoka Manyoni si mbali, saa nne asubuhi atakuwa ameshafika.

Kinyozi wa Ng'ong'ona

Hapo nimekukubali mzee.

Ila dada, mwambie jambo moja la barabarani. Basi linalotoka upande wa Singida linapita katikati ya mji kwanza, halafu ndipo linakwenda stendi kuu ya Nanenane, njia ya kwenda Dar. Ashukie stendi, asidanganywe kushushwa njiani usiku na mizigo. Na akipanda bajaji asiseme "UDOM" peke yake. Kile si chuo cha geti moja. Kilianza 2007 pale kwenye ukumbi wa Chimwaga, kikasambaa kwenye vilima kwa hesabu ya kubeba wanafunzi 40,000, na ndaki zake, yaani koleji zake, zimeachana kwa mwendo wa gari. Ataje ndaki yake na jina la jengo la mapokezi lililoandikwa kwenye barua. Anayesema "nipeleke UDOM" anashushwa popote palipo karibu na dereva, kisha analipa bajaji ya pili. Bei wapatane kabla mzigo haujapanda.

Wanaovaa fulana za mapokezi na vitambulisho vya UDOSO, serikali ya wanafunzi, wanaelekeza bure. Anayeelekeza halafu akaomba "ya maji" si wa mapokezi.

Dada wa Itigi

Mungu awabariki. Kiapo nitakishughulikia kesho kutwa mahakamani. Swali lingine: vitu vya chumbani. Mama anataka abebe godoro kutoka huku, na tranka, na hita ya kuchemshia maji ya chai. Fomu inasema "vifaa vya umeme haviruhusiwi" bila kufafanua. Pasi je? Na godoro ni saizi gani?

Fundi Umeme Area C

Mama anataka kijana anywe chai, namwelewa, lakini hita ibaki nyumbani.

Nitakupa hesabu yenyewe badala ya "haviruhusiwi". Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata karibu wati 3,000, na huo ndio mwisho wa soketi moja. Soketi za vyumba kadhaa vya hosteli huwa zimeungwa kwenye laini moja, na laini hiyo inalindwa na swichi moja kwenye kisanduku cha korido. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo inakula wati 1,500 mpaka 2,000. Vyumba vitatu wakichemsha saa kumi na mbili asubuhi, swichi inakatika, korido nzima giza, na mlinzi anajua pa kuanzia kukagua. Hiyo ndiyo salama yenu. Pasipo salama ni pale mtu alipounga hita kwenye ekstensheni ya bei poa yenye waya mwembamba. Swichi ya korido haioni tatizo, maana mzigo haujafika kikomo chake, lakini waya wa ekstensheni unachemka chini ya godoro mpaka plastiki inayeyuka. Moto wa mabweni mara nyingi huanzia mahali kama hapo.

Pasi ni wati 1,000 na kidogo, na hosteli nyingi zina chumba maalumu cha kupigia pasi au zinaruhusu kwa masharti. Asome sheria za hosteli siku ya kupewa chumba, zipo ukutani au kwenye fomu anayosaini. Cha ruhusa bila mjadala ni chaja ya simu, kompyuta na taa ndogo ya mezani. Ekstensheni achukue moja ya ampea 13 yenye fyuzi kwenye plagi na waya mnene. Ikiwa nyepesi mkononi kama karatasi, iache dukani.

Godoro: vitanda vya deka (vya juu na chini) vya hosteli kwa kawaida ni futi mbili na nusu kwa sita. Unene inchi sita, usizidi. Watu hununua inchi nane wakidhani ndiyo raha, halafu akipangiwa kitanda cha juu, godoro linapanda karibu usawa wa ule ukingo wa chuma, na ukingo haumzuii tena akigeuka usingizini. Lakini kwanza aulize kama godoro limo chumbani, kuna majengo yana magodoro. Ndiyo maana ushauri wangu ni kutobeba kutoka Itigi. Konda atalitoza kama abiria, na likifika linaweza lisihitajike.

Tranka kubwa la chuma haliingii chini ya deka wala kwenye loka. Begi moja la nguo na begi la mgongoni. Kufuli mbili ndogo, za loka na begi, si ile kubwa ya mlango wa duka, maana kitanzi chake hakipiti kwenye tundu la loka.

Mbukwenyi Dodoma

Mbukwenyi wandugu. Kwa wasiotoka huku, hiyo ni salamu yetu Wagogo, kijana ajifunze kuijibu, atapunguziwa bei sokoni (natania, hatapunguziwa).

Vya kununua Dodoma: ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, beseni moja, kandambili, hanga, kamba ya kuanikia, godoro kama limekosekana. Soko la Majengo na Sabasaba kuna kila kitu. Sabasaba kwa mitumba na mashuka. Aende Jumapili mchana au siku ya tatu. Siku ya kwanza maduka yaliyo karibu na chuo yanajua kwamba mnanunua kwa haraka.

Mifuniko ya ndoo nimeitaja makusudi. Maji yetu yanatoka visima vya Mzakwe na yanaweza kukatika, basi kila chumba kinahifadhi. Ndoo wazi na upepo wa Dodoma, kesho yake una maji ya tope. Na ni maji magumu, yana chumvichumvi. Sabuni ya mche haitoi povu la maana, inaganda kwenye nguo kama utando mweupe, mtu anazidisha sabuni na nguo nyeupe zinageuka kijivu. Atumie sabuni ya unga kwa kufulia. Kwa mwili, apake mafuta ya mgando mara tu baada ya kuoga, hasa midomo na visigino. Hewa ya huku ni kavu, wanaotoka Kanda ya Ziwa na pwani ndani ya wiki ya kwanza midomo inapasuka wakidhani wanaumwa.

Chuo kikifungua Oktoba au Novemba anakuta joto kuliko miezi mingine yote, vumbi, na mvua bado. Kofia, miwani ya jua kama macho yanasumbua, na viatu vya kufunga vya kutembelea, maana kutoka hosteli hadi ukumbi ni mwendo na vilima. Mvua huanza kuelekea Desemba. Blanketi zito asilibebe sasa, baridi yetu ni ya Juni na Julai, atalifuata likizo. Chandarua abebe, malaria ya Dodoma ni kidogo ukilinganisha na mikoa mingine, lakini mbu wapo, na kwenye deka kinachofaa ni cha pembe nne chenye kamba nne. Cha duara hakina pa kuning'inia kwenye kitanda cha chini.

Mtunza Ratiba

Mmemfikisha chumbani, lakini hakuna aliyegusa orientesheni yenyewe. Wengi wakishapata funguo wanalala, wanaona zile semina za ukumbini ni hotuba za wakubwa. Siku ya makamu mkuu wa chuo unaweza kulala (usimwambie mtu). Siku ya ndaki na ya idara usilale.

Siku ya ndaki ndipo wanapoeleza usajili wa masomo, na usajili wa masomo si sawa na usajili wa chuo. Kuna anayelipa, anapata kitambulisho, anaingia darasani muhula mzima, anafanya majaribio, halafu matokeo ya somo moja hayaonekani popote, kwa sababu hakuliingiza kwenye mfumo. Dirisha la kuingiza masomo hufungwa wiki za mwanzo, tarehe imo kwenye almanaka ya chuo. Akishamaliza, apakue orodha ya masomo aliyosajili kama PDF na kuitunza.

Namna ya kuhesabu: shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, karibu 60 kwa muhula. Krediti moja ni saa 10 za kazi, zikiwemo za kujisomea, si za darasani tu. Mfumo ukionyesha krediti 45, kuna somo ameliacha. Ukionyesha 75, kuna la hiari alilobonyeza bila kujua. Masomo ya lazima huwa yamekaa tayari, tatizo liko kwenye ya hiari na, kwa huyu wa ualimu, kwenye masomo mawili ya kufundishia. Ahakikishe yanaendana na alama zake za kidato cha sita na yale yaliyoandikwa kwenye barua ya udahili. Mwalimu wa Kemia na Baiolojia aliyejikuta kwenye Kemia na Hisabati anakuja kulitambua wiki ya sita.

Ratiba nayo: ya wiki ya kwanza hubadilika mara mbili tatu. Asiinakili kwa kalamu na kuibandika ukutani. Ajiunge na kundi la mwakilishi wa darasa, lakini tangazo la ukumbi au la mtihani alithibitishe kwenye ukurasa wa chuo.

Maswali ya kuuliza siku ya idara, ayaandike: alama za majaribio ni asilimia ngapi ya jumla, na ngapi zinahitajika ili kuruhusiwa mtihani wa mwisho, mahudhurio yanahesabiwaje, sapu (mtihani wa marudio) hufanyika lini, na ukikosa sapu inageuka kari (somo la kubeba hadi mwaka unaofuata) au la, mafunzo kwa vitendo ni mwaka upi. Akiuliza kuhusu kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, wenzake watacheka, lakini kila mmoja atainua kalamu.

Na GPA, wastani wa alama. Ni ya mpaka 5.0: daraja la kwanza kuanzia 4.4, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, chini ya hapo mpaka 2.0 ni kufaulu tu. Inajumlishwa kuanzia muhula wa kwanza. Wanaosema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, waulize GPA yao.

Nesi wa Makole

Nyongeza fupi. Mwenye dawa za kila siku, ya pumu, kifafa, sikoseli, kisukari, au za kufubaza virusi vya UKIMWI, aje na za mwezi mmoja au miwili na karatasi ya kliniki anakotoka, ili ahamishiwe bila kuanza upya. Siku ya kwanza ya wiki akajitambulishe zahanati ya chuo. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani, lakini asingoje azidiwe ndipo afike huko. Mwenye pumu asisahau kile cha kuvuta. Vumbi la Oktoba halina mzaha.

Na mwenye ulemavu au anayehitaji chumba cha chini, aandike kwenye fomu sasa hivi na kupiga simu chuoni kabla ya kusafiri. Vyumba vya chini vikishagawiwa, kuhamisha mtu ni kazi.

Dada wa Itigi

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho kwa Mzee wa Masijala: hakimu amesema ataandika kiapo, ila anauliza aandike kwamba jina sahihi ni lipi, Johana au Yohana?

Mzee wa Masijala

Johana, kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Kisha aongeze kwamba "Yohana" kwenye cheti cha kuzaliwa namba fulani na NIDA namba fulani ni mtu huyo huyo. Akigeuza, akaandika kuwa sahihi ni Yohana, mtakuwa mmeapa kwamba cheti cha NECTA kina kosa, na hapo kweli mtakuwa mmejitafutia safari.

Chukua picha ya rasimu kabla hajagonga mhuri, soma namba moja moja na vyeti vikiwa mkononi.